Habari Haisemwi Barabarani

Kalundu, Uvira, tarehe 11 Februari 2024

Mudogo wangu Octave,

Bwana asifiwe huko milimani. Sisi huku tunapumua. Mugongo wangu ni uleule, asubuhi naamka nao nafikiri ni wa muntu mwingine. Binti yangu Laure amejifungua mutoto mwanamume tarehe pili Januari, kilo tatu na nusu, na sauti ya kuuza samaki. Wamemuita Merdi. Baba yake alitaka jina la babu yake, lakini Laure unamujua, akishaamua ameamua. Panya wamekula nusu ya muhogo wetu kule Sange.

Naandika kwa sababu kwako hakuna rezo ya simu, na nimechoka kuuliza kila muntu anayeshuka kama uko muzima. Barua nitamupa Nyiransengimana, ule mama wa kanisa lako anayeleta maharagwe soko la Sange. Ikichelewa usimulaumu, ana kichwa kimoja na mizigo mitatu.

Sasa habari. Toussaint, bwana wa Léocadie, amekufa ziwani wiki tatu zimepita. Boti yake ilikuwa inarudi Kalundu, upepo ukaipiga alfajiri. Watu wanane waliokolewa. Yeye na muntu wa mota, hapana. Léocadie huwezi kuwa umemusahau, ni yule niliyeimba naye korali toka hatujaolewa, miaka makumi ine sasa. Tulimuzika Toussaint vizuri, kanisa lote lilikuwa pale, wamama walipika siku saba.

Uongozi wa wamama nimemuachia Domitille kwa muda, sababu ya mugongo. Anajaribu. Sauti anayo, mpango hana.

Kula vizuri. Usivae lile koti la zamani mbele ya watu.

Dada yako,
Bernardine


Milimani, tarehe 10 Machi 2024

Dada mukubwa Bernardine,

Nakusalimu katika jina la Bwana wetu, pamoja na Laure, bwana wake, na Merdi mupya. Hongera kwa ubibi. Barua yako ilifika imelowa pembeni, lakini maneno yote yalisomeka, hata lile la koti.

Sisi tuko. Waamini tumebaki ishirini na watatu. Mwaka juzi tulikuwa sitini. Wengine walikimbia vita, wengine walifuata ng'ombe wao mbali. Mzee Mugabo, yule mufugaji niliyekuandikia habari zake, ndiye mzee wa kanisa peke yake aliyebaki. Kila siku ya Mungu anafika wa kwanza, anafagia, anakaa. Mimi nahubiri Kiswahili, yeye anatafsiri kwa bibi wawili ambao nina hakika wanasikia Kiswahili kuliko mimi. Viazi vimekubali mwaka huu. Baridi haijakubali kutuacha.

Kifo cha Toussaint kimenihuzunisha. Alinivusha mara nyingi na boti yake nikiwa kijana. Mupe Léocadie pole yangu, umwambie tunamuombea kwa jina.

Dada, kuna neno moja. Nyiransengimana alifika mpaka Uvira kumusalimia mutoto wake Teta, na siku ya Mungu aliingia kanisani kwenu. Ilikuwa siku ya Meza ya Bwana. Anasema kikombe kilipokaribia musitari wako ulisimama ukatoka nje, na Domitille akaangalia chini. Nilimwambia labda ni mugongo. Alitikisa kichwa. Toka tumebatizwa sijakuona ukikosa Meza hata siku moja, hata ulipokuwa na malaria. Kuna nini?

Ndugu yako katika Kristo na katika tumbo moja,
Octave


Rugenge, tarehe 14 Aprili 2024

Mudogo wangu,

Nyiransengimana nilimupa barua, sikumupa kazi ya upelelezi. Umwambie hivyo, kisha umupe salamu zangu.

Unaona nimeandika Rugenge. Ziwa limepanda, Octave. Maji yameingia nyumbani kwangu Kalundu mpaka magotini, na sasa niko kwa Laure na sufuria zangu zote na Merdi ambaye halali. Kanisani ni hivyo hivyo. Mahali korali inakaa, sasa wanakaa samaki wadogo, na hawaimbi vibaya kuliko besi yetu. Tunaomba kwenye kiwanja cha Mzee Ildephonse wa kanisa letu, hapa Rugenge, chini ya turubai. Jua likipiga, mahubiri yanakuwa mafupi, na hakuna muntu aliyelalamika. Habari ya ajabu ni kwamba watu wameongezeka. Wale waliohama kwa maji wanakuja kuomba na majirani, wanabaki.

Sasa ile uliyoniuliza. Nilifikiri itatulia yenyewe.

Desturi yetu unaijua. Muntu akifa, habari haisemwi barabarani. Wazee wa kanisa wanaenda kwanza, wanaingia nyumbani, wanaketi, wanaomba, ndipo wanamwambia mwenye kufiwa. Wakimaliza, sisi wamama tunaingia na vikwembe vyetu, vitenge vya kanisa, na kuni na unga kichwani, tunaimba toka mulangoni ili asibaki peke yake na lile neno. Siku ya Toussaint wazee walipaswa kwenda saa nane. Walikuwa wanangoja pasta, na gari la pasta lilikuwa limeharibikia njiani kutoka Sange. Mimi sikujua. Saa tisa nikaona wakati umepita, nikawaambia wamama, twende.

Tulifika mulangoni tunaimba, wamama kumi na saba. Léocadie alitoka na kijiko mukononi. Alituangalia, akaangalia kuni, akaangalia vikwembe. Aliuliza, "Ni nani?" Wimbo ulikuwa umekufa kwenye midomo yetu. Basi akajua.

Toka siku ile haji kanisani. Nimeenda kwake na wamama mara mbili, mutoto wake anasema amelala. Na weye unajua siku ya posho, Jumamosi, kabla ya Meza tunavyokaa kwa kupatana, mwenye neno na mwenzake anasimama. Mimi nisimame na nani? Ndiyo maana natoka.

Umeuliza, nimejibu.

Bernardine


Milimani, tarehe 19 Mei 2024

Dada mukubwa,

Amani ya Bwana iwe nawe na nyumba yote ya Laure. Pole kwa maji. Huku tulisikia habari ya ziwa tukafikiri watu wanaongeza chumvi. Mugabo ameniambia nikuandikie kwamba milima haijawahi kufurika na una kitanda. Yeye mwenyewe amepoteza ng'ombe wawili mwezi huu, hajui kama ni ugonjwa au ni watu.  Siku ya Mungu alifagia kanisa kama kawaida.

Dada, jambo lako si zito kama unavyolibeba. Ni kosa la saa, si kosa la moyo. Pasta alichelewa, wazee walingoja, wamama waliharakisha. Kila mumoja ana sehemu yake. Unajua Neno linavyosema juu ya muntu anayeleta sadaka na huku ndugu yake ana neno naye. Basi nenda kwa Léocadie, mwambie hukujua kwamba wazee hawajafika, umuombe musamaha, halafu murudi Mezani pamoja. Ni mumoja wa waimbaji wenu bora, kanisa linamuhitaji, naye analihitaji kanisa. Mukikaa hivi, adui anapata nafasi. Nimeshapatanisha watu waliokuwa wamefikishana hata kwa chifu, na mwisho walicheka.

Ninakuombea kila asubuhi.

Octave


Rugenge, tarehe 30 Juni 2024

Octave,

Merdi ameota jino. Maji yameanza kushuka kidogo, matope yamebaki ya kutosha watu wote. Mwambie Mzee Mugabo pole kwa ng'ombe, na asante kwa kitanda.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara mbili nimekasirika. Unaandika sawa na muntu anayehubiria watu mia tano, kumbe ni ishirini na watatu na mumoja anatafsiri. Kosa la saa. Ungekuwa umekaa hapa ungeona uso wangu, usingeandika hivyo. Lakini kosa si lako, maana nilikupa nusu ya habari. Sasa nakupa nusu ingine, na usimwonyeshe hata Mugabo.

Siku ile, saa tatu asubuhi, nilikuwa Kalundu bandarini kununua samaki wa ndakala. Mzee Ildephonse alinikuta pale akanivuta pembeni. Aliniambia boti imezama na Toussaint amekufa, simu imetoka kusini, wazee wataenda saa nane, niandae wamama. Akasema tena, Léocadie asisikie kwa muntu yeyote. Nikasema ndiyo. Ni desturi, mimi mwenyewe nimewafundisha wale mabinti desturi ile.

Nikapanda sokoni kutafuta unga wa kilio. Nikakutana naye uso kwa uso, mbele ya nyanya.

Alikuwa na furaha. Simu yake ilikuwa imekwisha moto wa betri, hakujua kitu. Aliniambia Toussaint anafika leo, na amemuomba samaki wa mukeke kwa nyanya, na samaki ameshapata, muzima, mukubwa hivi. Akasema, nichagulie nyanya, weye unajua. Nikachagua, Octave. Nilichagua sita, ngumu, nzuri. Yule muuzaji alikuwa anajua, aliangalia mizani tu. Majirani wote walikuwa wanajua. Léocadie alinishukuru, akachukua kikapu chake, na mimi nikamwambia, kwa mazoea tu, kinywa kilisema chenyewe, "Umusalimie Toussaint."

Muntu aliyekufa. Nilimutumia salamu.

Sasa niambie nitaombaje musamaha wa kuimba mapema. Kuimba ni kitu kidogo. Nikisimama siku ya posho mbele ya kanisa niseme kosa langu, nitasema lipi? Na nikisema lote, Léocadie hatanisamehe kamwe, na mimi rafiki mwingine wa miaka makumi ine sina. Wenzangu wengine wote wako makaburini. Nikinyamaza, ninaweza kukaa hivi, nje ya Meza, mpaka nife. Nimejaribu kuona kama naweza. Siku zingine naweza.

Bernardine


Milimani, tarehe 4 Agosti 2024

Dada mukubwa mpendwa,

Nakusalimu. Barua yako niliisoma nje peke yangu, kisha nikaichoma, hukuniomba hivyo, lakini hata Mugabo hataiona. Nisamehe ile ya Mei. Ulikuwa na haki ya kukasirika.

Nimekaa na jambo hili majuma mawili. Nilitaka kukujibu kwa Neno, nikaona afadhali nikujibu kama ndugu. Usimwambie Léocadie. Ulifuata desturi, na desturi ile iliwekwa na watu wenye huruma, ili mujane asianguke kati ya watu sokoni. Salamu ile ilikuponyoka. Labda yeye hakuisikia hata. Ukienda sasa kumuwekea habari hiyo mikononi, unampunguzia nani muzigo? Ni weye utatoka mwepesi, yeye atabaki nayo. Muombe musamaha wa wimbo, basi. Yale mengine mwachie Mungu, yeye aliyaona.

Nikuambie kitu ambacho sijawahi kukiandika. Mama alipokufa, Oktoba ya mwaka juzi, njia ilikuwa imefungwa na watu wa bunduki, na barua yako ilinifikia juma la tatu, ameshazikwa. Uliandika kwamba alilala kimya, hakuteseka, hakuita muntu. Dada, neno lile ndilo lilinisimamisha. Kila nilipopanda mimbarini nikakumbuka sikumuzika mama yangu, nilijiambia, hakuniita, alilala. Ungeniandikia kingine, sijui kama ningehubiri tena. Kuna kutokusema ambako ni kumutunza muntu. Weye ulinitunza. Mutunze Léocadie vilevile.

Viazi tumevuna. Namutuma Nyiransengimana na kikapu kimoja, asipokifikisha kimejaa umwambie nilivihesabu.

Octave


Rugenge, tarehe 8 Septemba 2024

Octave,

Viazi vimefika, kikapu kimejaa, Nyiransengimana ni muntu wa kweli. Merdi anakaa bila kushikwa. Laure anasema anafanana na weye, lakini hiyo ni kwa sababu hana nywele.

Barua yako ilinikalisha chini siku mbili. Siku ya tatu niliamka, nikavaa kikwembe cha nyumbani, si cha kanisa, nikaenda kwa Léocadie peke yangu. Yeye pia amehamia huku Rugenge kwa ajili ya maji. Safari hii sikupiga hodi mulangoni kwa mutoto wake, nilipita nyuma. Nilimukuta anachambua sombe, majani ya muhogo. Nikaketi chini, nikavuta sehemu ya majani, tukachambua. Hakunifukuza, hakunisalimia.

Nikamwambia. Bandari, saa tatu, Ildephonse, kila kitu. Nilimwambia na nyanya. Salamu pia nilisema.

Alikuwa anaendelea na majani. Akasema, "Najua. Nilihesabu masaa baada ya mazishi. Niliona unachagua nyanya bila kuniangalia usoni, nikafikiri una malaria. Nilingoja uje useme. Ulikuja na wamama na nyimbo."

Nikamuuliza kama ni ile salamu ndiyo anashindwa kunisamehe. Akasema hapana. Akasema aliporudi nyumbani siku ile alipika akiimba, kwa sauti, mulango wazi, na majirani wote walimusikia anaimba, na wote walijua. Mujane anaimba na kukaanga samaki. Akasema akikumbuka ile kuimba kwake anaona haya mpaka leo, na ndiyo sababu hawezi kuimba kanisani. Si hasira, ni sauti inakataa kutoka. Hapo nililia, na yeye akalia, na sombe haikuisha.

Nilipoinuka kwenda alinishika mukono. Akasema, "Bernardine, siku ingine kama ni habari yangu, uniambie palepale barabarani. Nikianguka, uninyanyue."

Siku ya posho alikuja kwenye kupatana. Tulisimama wote wawili mbele ya watu, nikasema kosa langu lote, na Mzee Ildephonse alisema komite itakaa kuangalia ile desturi. Weye unajua komite ikikaa, inakaa. Siku ya Mungu tulikula Meza, mimi na yeye musitari mumoja. Kuimba bado. Alifungua kinywa kwenye wimbo wa mwisho, nikasikia kidogo.

Sasa weye, Octave. Hauko barabarani na mimi siwezi kukunyanyua, uko mbali, naomba Mugabo awe karibu ukisoma hii. Nilikudanganya. Mama hakulala kimya. Alikuita siku mbili. Alikuwa anauliza kama mulango uko wazi, kwa sababu utafika na usiku hutaona njia. Tulimwambia njia imefungwa, akasema Octave anajua kupita. Asubuhi ya mwisho alinishika mukono akafikiri ni weye. Akasema, "Octave." Na mimi nikaitika. Nikasema, "Nimefika, Mama." Ndipo akalala.

Nilificha ili nikutunze, ndiyo. Na pia kwa sababu niliona haya kwamba nilichukua jina lako. Ukasirike, una haki. Lakini hii habari ni yako, imekaa kwangu miaka miwili.

Dada yako,
Bernardine


Milimani, tarehe 6 Oktoba 2024

Dada,

Hatujambo huku. Mvua imeanza.

Siku tatu nilikuwa naisoma barua yako tu. Siku ya Mungu nilifika kanisani nikakaa nyuma, na Mugabo alipoona sipandi, alisimama akasoma, akaomba, akawaachia watu waende. Baadaye alibaki. Nikamwambia yote. Akasema, basi mama yako alikufa akijua umefika. Sijui kama ni kweli. Sijui kama nimekusamehe au nakushukuru, naona ni vyote viwili kwa siku moja.

Nimemuachia Mugabo kanisa siku za Mungu mbili. Nashuka juma lijalo na watu wa soko, njia ikiwa wazi. Usiwaite wazee na usiwaambie wamama. Unipeleke kaburini kwa Mama, sisi wawili tu, na tukiwa njiani unieleze vile alivyokuwa anauliza juu ya mulango, na vile ulivyoitika. Nataka kuisikia kwa sauti yako.

Mudogo wako,
Octave